Mashine Namba Tatu

Kocha Rademacher alishuka ngazi kuniambia mwenyewe,
kofia mkononi, kama mtu aletaye habari ya msiba.
Bodi imekaa, alisema. Msimu huu, basi.
Nikamuuliza: na sabuni niliyoagiza, madumu kumi na mawili?
Akacheka.
Ndipo akalia.

Mimi mpira siujui. Miaka ishirini na sita
nimeujua kwa madoa:
kijani cha magotini ni cha mkimbiaji,
weusi wa mabegani ni wa wale wanene wa mstari wa mbele
wanaosukumana kama fahali kwenye zizi jembamba,
na jezi inayorudi nyeupe ilivyokwenda
ni ya kijana wa benchi, ambaye mama yake
ameendesha gari mwendo wa saa nne, kuvuka nusu ya Dakota Kusini,
aje amtazame akikaa.
Hiyo nayo huifua. Sijawahi kuirudisha kabatini bila maji.

Septemba tukafungwa, arobaini na moja kwa sita.
Tukafungwa tena.
Wawili wakahama kabla mahindi hayajavunwa,
wala sikuwalaumu: nani hulala kwenye nyumba
ambayo paa lake limeshauzwa?
Tuliobaki (nasema tuliobaki, nisamehewe)
tulikuwa arobaini na mmoja, na helmeti sitini.

La kuvunda, husema watu, halina ubani.
Sawa. Lakini madumu kumi na mawili yalikuwa yameshafika.

Oktoba tukashinda, mara moja.
Nilijua kabla sijaambiwa, maana jezi zilikuja
zimelowa soda, zinanuka moshi wa nyama,
na kwenye ukosi wa namba ishirini na mbili
rangi ya mdomo, nyekundu, isiyotoka hata kwa siki.
Tarumbeta walizipuliza mpaka huku chini kwenye mabomba.
Tavita Leiataua akaniwekea mpira mezani,
mpira ule uliochongoka pande zote mbili,
usioamua kamwe utadundia wapi.
Tuwekee, Mama Verlene, alisema.
Nikamwambia kazi yangu ni nguo, si ngozi.
Nikauweka.

Novemba, mechi ya mwisho, theluji.
Watu mia tatu, na mbwa wa posta.
Mistari ya uwanja ilikuwa imezikwa, basi Orrin,
aliyeichora kwa chokaa tangu ujana wake,
alitembea na ufagio mbele ya vijana
akifagia ukingo, yadi kwa yadi,
wajue dunia yao inaishia wapi.
Theluji ikafuta. Akarudi. Ikafuta.
Matokeo yameandikwa, atakaye akayatazame.
Mimi nilikuwa namtazama Orrin.

Usiku ule nilifua mpaka saa tisa.
Hakuna aliyenihimiza; jezi zilikuwa zikauzwe
kwa shule moja ya sekondari huko Minnesota, na mnunuzi
hakuomba zinukie.
Nilihesabu mara tatu. Hamsini na nane haikuwapo.
Hamsini na nane ilikuwa ya Emmett Sjoberg,
yule wa benchi, yule wa mama wa saa nne.
Kwenye daftari nikaandika: imechanika, imetupwa.
Huo ndio uongo pekee niliouandikia chuo hiki,
na mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri.

Sasa ni Aprili. Mashine namba tatu wamenipa
nifulie vitambaa vya meza, vyeupe, vya karamu ya wadhamini.
Nimeifungua mara mbili, nimekwangua chujio kwa kisu,
nimeizungusha tupu kwa maji ya moto.
Bado inatoa majani.
Si mengi. Jani moja, mawili, membamba kama kope,
yamenasa kwenye pindo
pale ambapo mtu huweka mkono wake anapokula.

Ninavikunja hivyo hivyo.
Ninavipeleka juu.