Sketi

Klabuni wanaiita spinaka.
Mama, aliyeitia viraka viwili kwa cherehani yake ya Makoroboi,
anaiita sketi.
Kiraka kimoja ni cha mwavuli wa kijani.
Kingine sijui; hakusema, sikuuliza.

Kazi yangu ni kuitoa na kuirudisha.
Ng'washi anashika usukani, anaona mbali.
Mimi naona kamba tatu na mdomo wa mfuko.
Kuitoa si kazi. Unavuta henza, mkono juu ya mkono,
sketi inapiga kofi moja, inajaa,
na mashua yetu ya mitumbwi pacha
(Kulwa na Doto, tumeiandika hivyo kwa rangi)
inatimka kama mdaiwa aliyemwona mdai.

Kuirudisha, hapo sasa.
Legeza goshi. Vuta kamba ya kumezea,
vuta bila kupumzika, maana ukipumzika inakumbuka upepo.
Henza ishuke sambamba na mkono wako:
ikitangulia, nguo inakunywa ziwa;
ikichelewa, mnavutana na mbingu.
Nilifundishwa nchi kavu, kwenye nyasi za Kapripointi,
mara ishirini, mara thelathini,
hadi viganja vikanuka nailoni.

Jumamosi ya mashindano hakuna nyasi.
Tulikuwa wa pili. Boya mbele, Saanane mkono wa kushoto,
na nyuma yetu ziwa likaanza kuwa jeusi, kipande kipande.
"Meza!" akapaza sauti Ng'washi.
Nikaachia henza kabla ya kuvuta.
Kosa dogo tu.
Kama kujibu kabla hujaulizwa.

Sketi ikapita chini ya Doto, ikapanua mdomo,
tukasimama.
Tukawa kokoro katikati ya mashindano.
Akatupita Sayi na ndugu yake; hawakucheka,
na hilo ndilo lililoniuma.
Wakatupita wale wa Bukoba.
Ikatupita hata feri ya Kamanga, imejaa,
watu wameinua simu.

Ng'washi hakunitukana. Alitambaa hadi mbele,
tukavuta pamoja, pima kwa pima,
na ndani ya nguo: gugumaji, chupa ya plastiki,
dagaa. Dagaa wengi, wakimetameta
kama shanga zilizokatika uzi.
"Basi," akasema, "hatukutoka bure."

Tulikuwa wa mwisho.

Usiku, dukani, mama aliipitisha sketi mikononi,
mshono kwa mshono, akitafuta tundu.
"Haijachanika," alisema. "Ila inanuka."
Akaanza kuikunja mwenyewe,
kona ya mwisho kwanza,
ile ya kutangulia kutoka akaiacha juu.
Nilisimama na kamba mkononi.
"Nani kakufundisha kukunja hivyo?"
"Kwani kesho hamtaitaka kwa haraka?"

Dagaa mmoja alikuwa amebaki kwenye kiraka cha kijani.
Akambandua kwa ukucha,
akamrushia paka.