Sentimita Thelathini na Moja na Nusu

Tufe la dunia nimeliazima kwa Mwalimu Lumadede,
limebonyea upande wa Australia.
Nimelisimamisha juu ya cherehani, hapa Kibuye,
kati ya kopo la vifungo na mkasi,
nikakaza uzi mweusi:
kichwa Kisumu, mkia Edmonton.

Ramani ya ukutani imenidanganya miaka minne.
Nilidhani ulifuata machweo, moja kwa moja.
Kumbe uzi haukubali. Ukiuvuta ukakaza
unateleza wenyewe kaskazini,
unapita Sudan, unapita Libya,
unakwenda kugusa Aislandi na barafu ya Grinlandi,
ndipo unashuka kwako kwa mlango wa nyuma.
Njia fupi ndiyo iliyopinda.
Ningepaswa kulijua hilo. Kwapa halikatwi kwa rula.

Nikaulaza uzi kwenye futi:
sentimita thelathini na moja na nusu.
Kila sentimita, kasema Mwalimu, ni kilomita
mia nne ishirini na tano.
Nikazidisha kwa chaki juu ya bitana:
elfu kumi na tatu, mia tatu themanini na saba
na nusu.
Gawa kwa mia tisa, mwendo wa ndege.
Saa kumi na tano, Apondi, na hazitimii!
Nikacheka peke yangu. Koti la mzee wa kanisa
hunila zaidi ya hapo.

Lakini tiketi yako inasema thelathini na moja.
Saa nane Amsterdam ukilinda begi,
saa tano na robo Nairobi, shingo imekakamaa,
ukingoja kindege cha dakika arobaini na tano
kiinamie ziwa na magugu yake.
Na bado kuna zile kumi za ukutani:
nikifungua kibanda saa mbili asubuhi
kwako ni jana, saa nne usiku, unavua viatu.
Nizijumlishe au nizitoe?
Lumadede alinieleza mara mbili.
Nikaitikia mara mbili.

Nilikuomba vipimo kwenye simu,
kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Wakwe wanakuja Jumapili, gauni halishoni lenyewe.
Ukasema, *Shona tu, Mama. Si unanijua?*

Nakujua mpaka nusu ya kilomita.
Kiuno chako sikijui.

Nimekata kwa daftari la zamani,
ukurasa wa yule msichana
aliyeondoka na mkanda uliotobolewa tundu la ziada kwa msumari.
Kisha nikaacha inchi mbili kila upande,
zimekunjwa ndani, hazionekani,
kama zile saa kumi na sita
ambazo uzi haukuzihesabu.

Jumamosi utasimama hapa, mikono juu.
Nitafumua, au nitabana.
Usinisemeshe kwanza.
Nitakuwa na pini mdomoni.