Kitalu D, Kiwanja Namba 119

Kwenye ramani za mipango miji
kuna alama ya kisima, alama ya kaburi,
ya nguzo ya umeme, ya msikiti, ya kanisa,
hata mfereji uliokauka una mstari wake wa buluu.
Kiota hakina alama.

Nilikiona Jumanne, huko Pongwe,
palipokuwa shamba la mkonge kabla sijazaliwa
na sasa panaota vigingi vya zege.
Mhina kashika fito, mimi jicho kwenye darubini,
natafuta rangi nyekundu,
nikakuta jicho la njano linanipima mimi.
Tai mweusi, juu ya msufi,
kishungi kimesimama utosini
kama mtu aliyeamka akasahau kitana.

"Soma, dada, tuondoke, jua linapanda."
Nikasoma: nyuzi, dakika, sekunde.
Sikuandika kitu.

Msufi uko katikati ya 119.
Mwenye 119 amekwisha lipa. Anaitwa Sekiteke,
fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Tatu,
miaka kumi na tisa chumba kimoja cha kupanga,
risiti ya kiwanja kaifukia
ndani ya kopo la vifungo.
Nimejaribu kumchukia. Nimeshindwa.

Bi Mwanjaa, jirani wa kwanza kuhamia,
anataka mti ulale hata leo:
"Huyo mwizi! Vifaranga wangu kawamaliza!"
Nikainama chini ya msufi
nikaokota vibonge anavyovitapika tai,
nikavipasua kwa ncha ya kalamu:
manyoya ya panya, mifupa myembamba kama sindano,
meno ya panya, rangi ya chungwa,
panya, panya, panya tena.
Unyoya wa kuku, hata mmoja.
Nikampelekea juu ya gazeti.
Akatazama, akanusa,
akageuka polepole
kumwangalia paka wake aliyenona.

Ofisini nikachora duara,
kwa penseli, mita kumi na tano kila upande.
Bwana Mntangi akavaa miwani.
"Hii nini?"
"Nafasi ya wazi."
"Ya nani?"

Fomu inataka jina kamili,
namba ya kitambulisho, sanduku la posta,
sahihi au dole gumba.
Dole gumba analo.
Lina ukucha.
Sikulisema hilo; nina mkataba wa miezi sita.
Nikasema, "Ya mtaa," na mtaa haujazaliwa bado.
Akanisogezea raba.
Hakuniambia futa. Aliisogeza tu,
akaenda kunywa chai.

Jumamosi Sekiteke akaja na baiskeli,
futi ya kitambaa ikining'inia shingoni.
Nikamwonyesha 131: pembeni, karibu na korongo,
mteremko kidogo, maji yakija yatakuja kwanza kwako
(sikumficha kwamba ni maji ya mvua).
Hakujibu. Akauzunguka msufi,
akaupima kiuno kwa futi yake,
mara moja, mara mbili, akakosa mahali pa kuandika.
"Suruali ya huyu," akasema, "ingekula jora zima."

Juu, kitu kikalia, chembamba, chenye njaa.
Sauti ya mlango mpya usiotiwa mafuta.
Akanyanyua uso.
"Kuna mtoto?"
"Mmoja."
"Ataruka lini?"
Wiki sita, nikasema. Nilikisia;
kipimo hicho hawakunifundisha chuoni.

Sekiteke akahesabu kwa vidole, midomo ikitikisika,
kodi ya mwezi huu, kodi ya mwezi ujao,
mifuko ya saruji, mfungo, Idi na nguo za watu.
"Basi msingi nitachimba baada ya Idi," akasema,
"nione mimi na yeye nani atahama kwanza."
Sikujua kama amekubali
au ameahirisha tu.
Akapanda baiskeli yake
na sufi begani, hakuipangusa.

Raba bado iko mezani.
Duara bado ni la penseli.
Kila asubuhi, kabla ya Bwana Mntangi kufika,
nalipitia tena juu yake,
nakoleza.