Hapa, Pale, Kule

Kiswahili sikukinyonya kwa mama.
Mama aliimba kwa Kiteso, akisaga ulezi.
Mimi nilikipata kambini, saa kumi alfajiri,
kwa ndoo ya maji baridi na fimbo ya mgongoni:
Amka. Lala chini. Tambaa. Kimya.
Miaka mitatu sikujua
kwamba lugha hii ina neno la kumwomba mtu chumvi.

Walituchagua kumi na wanane kati ya mia nne.
Usiku wa tisa bila usingizi, topeni hadi kiunoni,
nilivua buti nikasema narudi kwetu kulima mihogo.
Kule akaninong'oneza,
Kule Erisa, mwana wa Bwera,
mfupi kama kinu, mcheshi hata njaa ikiuma:
"Eriaku, usihesabu maili. Hesabu hatua moja,
halafu sahau kwamba umehesabu."
Nikavaa buti.

Alikuwa akilicheka jina lake mwenyewe.
"Kwetu milimani ni zamu yangu ya kuzaliwa.
Kwa Kiswahili chenu, sijafika bado."

Ya safari ile sitayasema. Nilikula kiapo,
na kiapo hakistaafu.
Nitasema tu, tulikwenda sita,
tukarudi watano,
na mchanga uliingia hata ndani ya saa yangu.

Nikarejea Soroti na goti la chuma,
cheti kimoja,
na redio inayokoroma ndani ya sikio la kushoto.
Asekenye amejifunza kuniamsha kwa mbali:
husimama mlangoni, hunirushia punje ya karanga,
maana akinigusa, mkono wangu huamka kabla yangu.
Punje moja. Mbili. Siku nyingine konzi nzima.
Asubuhi tunaziokota kitandani,
tunazikaanga, tunakula na chai.

Nililinda benki; mlango ukibamizwa nalala sakafuni
mbele ya wateja.
Nilifyatua matofali, mvua ikayayeyusha.
Mara saba nilipanda basi kufuata faili langu,
mara saba karani akaniambia njoo Jumatatu,
kana kwamba Jumatatu ni mtu anayemfahamu.

Kisha Madamu Amuge wa shule ya msingi akaja na kitabu.
"Wanataka Kiswahili, na mwalimu sina.
Wewe unakijua."
Nikamwambia ninachojua ni amri.
"Basi anza na hizo."

Darasa la nne, watoto sabini na mmoja.
Nikasema, Kimya!
Wakaganda. Mmoja akalia.
Nikatoka nje, nikashika mlingoti wa bendera
mpaka mikono ikarudi kuwa yangu.
Kesho yake nilikwenda tena.
Hatua moja.

Nikawafundisha chumvi. Karanga. Tafadhali.
Lala, nikawaambia, ni neno la mtoto mchanga,
nikaona aibu, kwani nami nilikuwa nalisikia
hivyo kwa mara ya kwanza.

Alhamisi tukafika ukurasa wa ishirini:
hapa, pale, kule.
Nikagonga meza. Hapa.
Nikaonyesha mlango. Pale.
Chaki ikasimama hewani.
Anyait, binti wa fundi baiskeli,
aliyechoka kuningoja,
akanyoosha kidole dirishani, kuupita mwamba,
akapaza sauti kama anayemwita mtu aliyechelewa chakula:
"Kule!"
Na darasa zima nyuma yake,
Kule! Kule! Kule!
hata wa darasa la tano wakachungulia ukutani.

Sikuwanyamazisha.
Niliandika ubaoni herufi nne, polepole,
ya kwanza kubwa,
na mtoto mmoja akaniambia, mwalimu, umekosea,
hiyo si mwanzo wa sentensi.
Nikasema, najua.

Usiku ule Asekenye alirusha punje tisa.
Asubuhi tukazikaanga.
Nilikuwa na kipindi saa mbili.