Projekta ya Kutazama Juu

Daktari amesema alale chali,
miezi mitatu, kiuno kisicheze.
Na Baba, aliyepigilia dari za nusu ya Kadutu,
sasa anaitazama ya kwake tangu alfajiri.

"Plafo hii," anauliza, "nani aliipiga?"
Ni wewe, Baba. Mwaka ule wa mvua ya mawe.
"Basi nilikuwa na haraka."

Anahesabu misumari: mia mbili na kumi na mmoja,
mitatu imepinda, mmoja hauna kichwa.
Kesho yake anahesabu upya
asije akawa ameibiwa usiku.

Ndiyo maana niko sokoni, dola tisini ndani ya soksi,
mbele ya meza ya Ntakwinja, namwuliza:
ipi kati ya hizi inajua kutazama juu?

Ananikodolea macho kama niliyeomba mbuzi wa kupanda ukuta.
"Dada, watu hutundika shuka."
Mgonjwa wangu haoni shuka. Ana dari tu.

Ya kwanza imeandikwa mwanga elfu tisa.
Elfu tisa za nini?
"Za mwanga, dada."
Tunaingia chini ya meza, turubai juu ya vichwa,
mimi na mwanamume nisiyemjua
tukitafuta giza saa sita mchana,
na elfu tisa zake zinatoka
kama chai iliyotiwa maji mara ya tatu.

Ya pili inaangaza kweli, lakini inavuma
kama kinu cha kusagia mihogo.
Hiyo ikae karibu na sikio
la mtu asiyeweza kugeuka?
Hapana.

Ya tatu yataka mita tatu ndipo ione vizuri.
Nilipima kwa kamba kabla ya kutoka:
kitandani hadi darini, mita mbili na mafundo mawili.
Kwa umbali huo, asema Ntakwinja, sura za watu huwa uji.

Ya nne ni duara, kimo cha kopo la maziwa ya unga.
Shingo yake inakunjika,
inatazama juu kama kifaranga anayemeza maji.
Ina betri ya saa mbili, na umeme wetu mnaujua,
hupita mtaani kama mdeni,
usiku, bila kubisha.
"Sauti yake ni hafifu," Ntakwinja anakiri,
na hapo ndipo ninapoanza kumwamini.

Themanini na tano. Tano zilizobaki: pikipiki na mkate.

Nyumbani naisimamisha juu ya stuli,
kipande cha sabuni chini ya mguu mmoja.
Mechi ya zamani, aliyotuwekea Mugisho kwenye kadi.
Mara ya kwanza wachezaji wanakimbia kichwa chini.
Mama anasema, "Geuzeni kitanda."
Kitanda hakigeuzwi. Nageuza stuli.

Na wale vijana wa kaptura nyekundu
wanasimama wima juu ya tripleksi ya Baba,
wanakanyaga misumari yake na hawaumii.
Mpira unaingia kwenye doa la mvua,
lile la kahawia lenye umbo la figo,
unapotea, unatoka upande wa pili.
Baba anacheka kwa mdomo tu,
kiuno kisisikie.

Kisha mvua yenyewe inafika.
Juu ya mabati hakuna anayemsikia mwenzake,
refa anapuliza kipenga kisicho na neno,
uwanja mzima umefungua midomo
na kinachotoka ni mvua yetu, ya Bukavu.

Namtazama. Hafuati mpira.
Macho yake yamesimama pale kona ya kushoto,
nyanda mweupe anapopita, midomo inatikisika.

Betri inakufa dakika ya themanini na moja.
Giza. Mvua inapungua.
Nasubiri aulize nani alishinda.

"Mia mbili na kumi na miwili," anasema.
"Mmoja ulijificha ndani ya doa."