Jicho la Kulia

Ninazo saba. Mwanjaa husema saba na nusu,
kwa kuihesabu ile ya Muheza iliyokuja na pipa moja,
jicho lake la kushoto limeng'olewa na mtu asiyejulikana.
Nazipanga juu ya kabati la vyombo,
zimegeukia ukuta kama mawifi walionuniana.

Mimi ni fundi saa, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Saa haziji tena. Watu wanasoma wakati kwenye simu.
Na mikono ikikosa kazi hutafuta dhambi:
yangu ni hii, darubini za Mdachi,
za vita, za shaba, zimechongwa Berlin na namba ya jeshi.

Ya kwanza niliikuta Pongwe, kwa mjane wa nyapara wa katani,
akiizuilia mlango usipigwe na upepo.
Nikampa hela, neno lenyewe la Mdachi.
Ya tatu ilikuwa ya kocha, akitazamia mechi Mkwakwani;
aliniuzia siku timu iliposhuka daraja.
"Chukua, Fundi. Sitaki kuona zaidi."
Ya tano nilipunjwa. Rangi ya viatu juu ya bati,
ilizaliwa nami nina ndevu tayari.
Sikuitupa. Inanifunza adabu.

Usiku nafungua skrubu ndogo kama mbegu za mchicha,
natoa vioo vya pembetatu, navilaza juu ya melimeli,
nasugua kuvu kwa spiriti na pumzi.
Kila mgeni huuliza kama nimekuta bawa la nyuki,
maana vita ile, hapa Tanga, haisimuliwi bila nyuki.
Sijakuta.
Nimekuta mchanga, unywele mmoja wa rangi ya katani,
na harufu niliyoshindwa kuitaja mpaka nilipolala:
jasho la mtu.

Babu yangu Shekivuli alibeba mojawapo.
Hakuivaa. Aliibeba. Kasha la ngozi kifuani,
gunia la mchele kichwani, miguu mitupu,
kutoka hapa hadi Rufiji, na kurudi peke yake.
Bwana akinyoosha mkono, babu anafungua kifuniko.
Bwana akimaliza, babu anafunga.
Miaka miwili na nusu, hakuonjeshwa hata mtazamo mmoja.
Njaa ilipozidi aliung'ata mkanda, akautafuna kidogo,
naye alikuwa na pengo la juu.
"Mtaijua kwa meno yangu," alimwambia baba,
na baba akaniambia mimi, kama anayerithisha shamba.

Basi kila nikinunua, kwanza natazama mkanda.
Mikanda ndiyo hutangulia kuoza. Ngozi ni nyama, huondoka na wenyewe.
Moja tu imebaki na kipande, urefu wa kidole,
kina alama: mbili, halafu nafasi, halafu moja.
Mwanjaa anasema ni panya.
Yawezekana ni panya.

Jana niliisafisha hiyo mpaka ikakubali kuona.
Nikaielekeza nje, katikati ya nondo za dirisha.
Kumbe ndani ya kioo cha kulia mna mistari,
myembamba, kama ya rula, na namba zake.
Ilikuwa ya kupimia mtu yuko umbali gani
kabla hajapigwa.
Bi Mgeni wa mihogo akainama kupuliza mkaa,
akaingia baina ya nne na tano.
Mtoto wa Semkiwa akapita na baiskeli: nane, saba, sita.
Mwanjaa akatoka na beseni kuanika kanga,
mistari ikampanda begani, ikatulia shingoni.
Kioo kilikuwa kizuri. Niliona mpaka pini ya mtandio wake.

Nikaishusha.
Babu alibeba hesabu hii kifuani,
na hakuna aliyemwambia ni hesabu ya nini.

"Unanitazamia nini huko?"
Nikasema, "Najaribu jicho la kulia."
"Basi lia," akasema, "ukimaliza njoo unishikie kamba."