Tasa

Shangazi Ndeanasia alifundisha hesabu Moshi miaka thelathini na mmoja,
na kila mwaka, alipofika kwenye namba tasa,
wavulana wa dawati la nyuma walichekea viganjani.
Aliwaacha wacheke. Aligeukia ubao, chaki ikalia.

Neno hilo alishalisikia Kibosho,
siku ya kugawa kihamba cha babu,
masale yaking'olewa huku, yakipandwa kule,
kila mgomba ukipata mwenyewe.
"Huyu tasa," alisema baba mdogo Kiwali, "ardhi atamwachia nani?"
Akapewa kikombe cha chai.

Alichoacha ni daftari lenye harufu ya mafuta ya taa.
Ukurasa wa kwanza, kwa wino:

73939133

na chini yake: *Pogoa kama mkahawa. Anzia mwisho.*

7393913
739391
73939
7393
739
73
7

Kila ukikata, kilichobaki hakigawanyiki.
Hata kisiki ni tasa.

Kwingine angeweza kuuliza mashine.
Yeye alikuwa Kiborloni, chumba cha kupanga, masika,
umeme umekatika tangu Jumanne,
penseli imechongwa kwa kisu cha vitunguu.
Kwa tatu: baki mbili.
Kwa saba: baki mbili.
Kwa kumi na moja: baki nne.
Kwa kumi na tatu: baki nane.
Ukurasa wa arobaini alikosea, akafuta kwa kidole na mate,
karatasi ikatoboka, akagawanya pembeni mwa tundu.
Vigawanyo zaidi ya elfu moja, kila kimoja nacho tasa,
na kila mstari ukimwambia neno lile lile:
baki.
Baki.

Kwa 8597: baki 4933.
Hapo akapiga mistari miwili.
Kipeuo cha pili kiko mlangoni;
ukiendelea, unakanyaga nyayo zako mwenyewe.

Ukurasa wa mwisho alijaribu kuiongezea mtoto.
Akaweka moja mkiani: 739391331.
Tatu ikaingia bila hodi, mara 246463777.
Akaweka tatu, akaweka saba, akaweka tisa.
Zote zikavunjika.
Hakuna tarakimu ya kuifuata.
Nilidhani hapo ningekuta doa la chozi.
Kuna doa la chai, na neno moja, kwa mwandiko wa ubaoni:
*Imetosha.*

Leo wajukuu wa Kiwali wanapima tena kwa futi kamba.
Mmoja amepata upana wa migomba mitatu na nusu,
na wanabishana nusu ile inazaa upande gani.
Wameniita nije kushuhudia.
Nitakuja.
Nimekaa kwanza kwenye ngazi za stoo ya kahawa,
daftari gotini, penseli ya kuazima,
nahakiki.
Kwa tatu: baki mbili.
Kwa saba: